Usirudishe Boksi Kubwa

Mutugi, nimeenda kuchuna majani chai. Githeri iko kwa sufuria, pasha tu. Funga mlango wa jikoni, kuku wasiingie.

Leo ukienda Makutano, usirudishe dukani ile boksi kubwa ya ndege ya vita ya kuunganisha. Nakuonya. Rudisha ile ndogo. ~~Ama rudisha zote mbili, nyumba itulie.~~ Hapana, kubwa ibaki. Ulisema vile vipande vya kuongeza kiti cha pili vinaingia kwa hiyo peke yake.

Najua jana baba yako alikuambia mwanaume mzima hachezi na ndege ya plastiki. Hata mimi sikupata usingizi, vile mlienda kulala bila kusemeshana. Lakini asubuhi nilimkuta ameifungua hiyo boksi, amevaa miwani, akaniuliza, “Mama Mutugi, huyu rubani wa pili anakaa wapi?” Nikamwambia aulize mwenye ndege. Akaendelea kupekua vipande.

Kwa hivyo usitafute hicho kiti cha pili, na usimgombeze dada yako Nelius. Baba yako amekitia kwa mfuko wa koti, amekipeleka pale tunapouza maziwa awaonyeshe wenzake. Akirudi usimcheke. Mwachie nafasi kwa meza.

Mama yako