Karamu na Kalamu

Baba,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba salamu haimezwi.

Mambo yamebadilika hapa Shinyanga tangu tukuzike. Kile kiwanda cha pamba ulichobebea marobota mpaka mgongo ukapinda, sasa mimi ni karani pale, nina kiti changu na feni. Jana nilikalishwa kwenye kamati ya kusaili waombaji wa kazi ya stoo. Natamani ningekwambia nilikupa heshima. Nilikuaibisha, Baba.

Aliingia binti wa Kasulu, Muha mwenzetu. Kabla hajaketi akapiga makofi yale ya taratibu, kama wewe ulipokuwa ukisalimia wakwe. Kisha akasema, "Samahani, naomba karamu niandike." Mwenyekiti akauliza, "Karamu ya harusi ya nani?" Tukacheka. Na mimi nilicheka, tena kuwashinda wote, maana pale kazini wanajua mimi ni Msukuma wa Kolandoto, na sijawahi kuwasahihisha.

Kuanzia hapo sikusikia kitu. Binti wa watu alieleza, akaeleza sana, mimi nangoja tu ateleze tena. Alipotoka tukaulizwa tumemwonaje. Nikasema hafai, Kiswahili kinampiga chenga. Baadaye nikajaribu kukumbuka alisema nini kuhusu kutunza mali, nikakuta patupu. Na huyo mwenyekiti mwenyewe asubuhi alitusalimu "Habali za leo", wala hakuna sikio lililoshtuka.

Wewe nawe ulisailiwa palepale, kazi ya mizani. Uliporudi ukaniambia jambo moja tu: "Mtu akishacheka, masikio yake yamefungwa." Nilidhani umenuna bure. Jioni ile ile ukaniita, "Rete karamu, mwanangu, tufanye hesabu zako." Neno hilo nililijua kwa sauti yako kabla sijaanza shule. Jana sauti hiyo iliingia chumbani, nikaicheka.

Kesho kamati inakutana kusaini jina la atakayechukuliwa. Nakuahidi sitasaini mpaka yule binti aitwe tena, tumsikilize. Wakiniuliza kwa nini, nitawaambia mimi ni mtoto wa nani. Wakinicheka, basi, ni zamu yangu.

Pumzika, Baba. Kesho wakiniwekea karatasi mbele, nitanyoosha mkono kwa mwenyekiti nimwambie, kama ambavyo ungesema wewe: naomba karamu.

Mwanao