Meza Imebaki Fupi

Baba,

Jirani anatangaza kwamba leo asubuhi nilikuwa nimebandikwa ukutani, mikono juu kama mwizi aliyeshikwa. Hajaongopa. Nesi ndiye aliyenielekeza: mgongo ukutani, mikono ipande na kushuka polepole, mara kumi. Mabega yamekaza, hata kilemba nimeshindwa kufunga. Sikulia wala sikukasirika; yalikuwa mazoezi tu.

Nimepeleka suruali za mwalimu. Chai iko kwenye chupa. Sare usizikunje, bado hazina vifungo.

Nesi anasema nishone nimenyooka. Meza ya cherehani uliikata miguu nikiwa na miaka kumi na miwili, ili niifikie. Nimekua, Baba. Jumapili nilikuomba uiinue, ukasema, “Meza nzima hiyo.”

~~Basi, acha tu.~~

Matofali manne yako nyuma ya mlango. Utaniinulia meza leo?

Binti yako