Mwandishi Hakuona Maiti

Likasi, tarehe 14 Novemba 1976

Yaya Albertine, dada yangu mpendwa,

Amani ya Bwana iingie mlangoni mwako kabla ya barua hii. Ninauliza hali yako, ya watoto, na ya mama mkwe wako, maana nimesikia miguu inamvimba tangu mvua zianze. Huku tunapumua. Élise, mke wangu, anakushukuru kwa samaki wakavu wa ziwa Tshangalele. Tulikula juma zima.

Nimenyamaza muda mrefu, yaya. Si kwa kukusahau.

Habari ya kazi ni kwamba nimepandishwa cheo. Mzee Symphorien amepumzishwa kazi, na mkuu wa zone amenipa mimi kuwafundisha makarani wapya tisa namna ya kuandika vitabu vya vizazi, ndoa na vifo. Mzee huyo ndiye aliyenifundisha. Kila asubuhi alituambia kwamba karani wa vifo hana rafiki wala mkubwa: haandiki kuwa mtu amekufa mpaka mashahidi wawili waseme kwa vinywa vyao kwamba wameona maiti. Aliyekosea alirudia ukurasa mzima. Katika kundi letu mimi nilikuwa wa kwanza.

Siku ya kwanza niliandika ubaoni sheria hiyo ya mashahidi. Mwanafunzi mmoja, mama Kibibi, aliuliza kwa adabu: "Na kama mashahidi hawako, lakini mukubwa anasema uandike tu?" Hakuwa na nia mbaya. Nilifuta ubao. Nikawarudisha nyumbani.

Yaya, tangu Machi ninamwona mume wako Léon. Kwenye misa anakaa benchi la mbele yangu, kichwa kimenyolewa, hageuki. Nikifungua kitabu cha vifo, ninajua amesimama nyuma ya kiti. Padri alinipa maji ya baraka. Sikumwambia kwa nini nayataka.

Sasa keti, watoto wasiwe karibu.

Cheti kinachosema Léon amekufa kwa malaria na kuzikwa na serikali, nilikuambia kimetoka Lubumbashi. Nilidanganya. Ni mkono wangu. Jumanne tarehe tisa Machi, wiki mbili baada ya Léon kuchukuliwa kwa maneno aliyoyasema kwenye mkutano wa wafanyakazi kule Kamatanda, wanaume wawili waliingia ofisini pamoja na mkuu wangu. Mmoja alitaja jina, tarehe na ugonjwa. Nikaomba mashahidi. Akacheka kidogo: "Andika tu. Weye iko na mwandiko muzuri, tena iko na watoto." Nikaandika. Mstari haukupinda hata kidogo.

Alhamisi ya juma lile, saa nne asubuhi, nilikuwa ninakwenda posta. Lori la askari lilisimama kwenye reli likingoja treni ipite. Léon alikuwa ameketi nyuma, katikati yao. Alinitambua, akasema polepole kama tumekutana sokoni: "Shemeji, ambia Albertine miye niko." Treni ikapita. Lori likashika barabara ya kwenda Koni.

Sikukuambia. Nilikuletea cheti, nikakaa matangani siku tatu, nikala chakula chako. Wewe ulikataa kunyolewa kama mjane, ukasema moyo wako haujakuambia kitu. Mimi ndiye niliyewashauri wazee wakulazimishe, nikisema karatasi ya serikali haiwezi kukosea. Na sasa nasikia wanataka Germain, mdogo wake Léon, akurithi kabla ya Noeli.

Juzi Ijumaa nilifungua kitabu. Pembeni mwa ukurasa, namna tulivyofundishwa kusahihisha, niliandika: Mwandishi hakuona maiti. Aliyeandikwa hapa alionekana hai siku mbili baadaye. Nikatia sahihi, jina langu lote. Mkaguzi wa vitabu anakuja Jumatano, naye ataisoma.

Barua hii sikuiamini posta. Anaileta Zaina, yule anayenunua samaki kwenu. Isome kwa sauti mbele ya wazee, na Germain awepo. Usiwaambie Léon yuko hai, maana hilo silijui. Ni miezi minane sasa. Waambie tu kwamba hakuna mtu aliyemwona akifa. Na Élise akifika kwako na watoto, mfungulie, usimuulize neno.

Wasalimie wote wa nyumbani, na mama mkwe umshikie miguu kwa ajili yangu. Msamaha siombi leo.

Mimi mdogo wako, uliyenibeba mgongoni,

Philippe