Tufe la Mwisho la Mama Njoki

Mama Njoki,

Barua hii nimekuwa nikiiandika kichwani tangu Jumamosi, huku nikibandika soli za watu. Jana mteja alirudisha kiatu cha mtoto, akaniuliza mbona nimekishona mpaka mguu hauingii. Leo nimefunga kibanda mapema, nikanunua karatasi, nikakaa.

Najua ungeniambia, kwa ile r yako isiyokubali l, "Wafura, wacha kuzunguka, sema." Basi nasema. Nimewaambia. Nimesimama mbele ya ukumbi mzima nikawaambia kwamba miaka yako miwili ya mwisho ulikuwa huoni.

Usikasirike kwanza. Au kasirika, una haki, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Ukumbi wa kanisa pale Makongeni wameupaka rangi, sasa unafanana na sebule ya watu waliooana juzi. Mkeka wetu wa kijani bado ni ule ule, na lile doa la chai bado liko, na bado hakuna anayekubali kwamba ni yeye aliyemwaga. Mzunguko nao umekua. Tunacheza Thika wiki hii, Ruiru wiki ijayo, na msimu huu kuna kumbi ambazo wewe hukuwahi kuziingia. Duka moja la vifaa vya ujenzi limetupa jezi, na mshindi anaondoka na bahasha. Wanasema sasa sisi ni wachezaji nusu wa kulipwa. Nakusikia ukiuliza ni nusu ipi inayolipwa, ya juu ama ya chini.

Watu wa huku Gitothua bado wananiuliza mchezo wa mkeka ni mchezo gani, nami huwajibu kwa maneno yako. Unabingirisha tufe lisimame karibu na jeki, kale kadogo keupe, basi. Wakisema hiyo ni rahisi, nawaongezea. Katikati ya mkeka kuna gogo linaloziba njia, na ukiligusa, tufe lako limekufa. Tufe lenyewe lina upande mzito, kwa hivyo haliendi moja kwa moja, linakunja. Upande ule mzito umechorwa duara dogo, ule mwingine duara kubwa. Ukilishika vizuri linazunguka gogo na kurudi nyumbani. Ukilishika kinyume linakukimbia, linatoka nje ya mkeka watu wote wakiangalia, na katika mchezo wetu hakuna aibu inayoipita hiyo.

Wewe ndiye uliyenitoa kwa baraza ya nyumba yako, wakati nikiwa mpangaji wa chumba cha nyuma, kijana wa kutoka Bungoma asiyejua mtu. Uliniona nikishona begi la Njoki ukasema, "Huyu ana mkono wa polepole. Kuja." Hukuniuliza kama nina nafasi. Ulikuwa umetoka kiwanda cha mananasi na malipo yako ya uzeeni na goti moja bovu, na ulikuwa unawapiga wanaume wa Thika nzima kwa utaratibu, mmoja mmoja, kama mtu anayechambua mchele.

Nakumbuka siku niliyojua. Koti la pasta lilikuwa limetundikwa kwenye kiti cha mbele. Ukaingia, ukalisalimu. "Habari ya asubuhi, pastor." Ukangoja lijibu. Nikacheka, nikidhani ni mzaha wako wa kawaida. Wewe hukucheka.

Sukari ilikuwa imekula macho ikakuachia weupe na weusi tu. Hata ncha za vidole zilikuwa zimeingia ganzi, hukuweza kupapasa yale maduara ukajua dogo ni lipi. Ulinieleza hayo yote ukiwa umesimama, haraka haraka, kisha ukanishika mkono wa shati. "Wakijua, watanikalisha kando nipewe chai na pole. Mimi sitaki pole ya mtu. Ukisema, nitawaambia hapa kanisani vile unaimbaga ukiwa peke yako." Nikaahidi. Ilikuwa ahadi rahisi, sikujua itakuja kuwa nzito.

Tukapanga kazi. Mimi nilicheza kwanza kila mara, na nikimaliza, kabla ya kwenda kusimama upande wa jeki, nilikupangia matufe yako manne juu ya kiti, duara dogo likitazama mkono wako wa kushoto. Wewe ulikuja ukaokota bila kugeuza, ukapitishia kulia siku zote. Watu wakasema ni ukaidi wa uzee. Nilipaka viatu vyangu weupe wa kuumiza macho, nikasimama nyuma ya jeki ili uone madoa mawili. Nikakuita, "Fupi kidogo, Mama," na wewe ukasikiliza sauti yangu inatoka wapi. Mengine uliyajua kwa mwili. Urefu wa mkeka ulikuwa umeingia kwenye bega lako kama vile mtu anavyojua kitanda chake gizani. Na tukashinda! Misimu miwili, Mama Njoki. Nikifikiria sasa mwili unanisisimka, lakini siku zile niliona ni kawaida, kwa sababu wewe ulifanya ionekane ni kawaida.

Halafu ile fainali ya Ruiru. Tulikuwa sawa kwa pointi na Kariuki wa Mwihoko na mwenzake, na limebaki tufe lako moja tu. Njia ilikuwa wazi. Hata mtoto angelisogeza lile tufe.

Nilikuwa nimerudi mara moja upande wako, nikaona chaki juu yake. Nikaliokota, nikalipangusa na kile kitambaa changu cha viatu, mkono ukifanya kazi wenyewe kama umezoea, nikalirudisha kwenye kiti, nikaenda zangu. Nilipofika upande wa jeki na kugeuka, ulikuwa tayari umeinama. Nikaona kilichokuwa kikitazama kushoto kwako ni duara kubwa.

Nilikuwa na muda, na hilo ndilo sikuwahi kukuambia. Si muda mrefu, lakini neno moja, "Geuza," lingetosha. Lilinifika mpaka kwenye ulimi. Kisha nikafikiria, wote watauliza mtu aliyekuwa kapteni wetu kwa miaka kumi na mitano anaambiwaje ageuze tufe. Nikalimeza. Mpaka leo sijui kama nilikuwa nalinda siri yako ama nilikuwa naogopa waone ni mimi niliyeharibu.

Tufe likaenda kulia, likaendelea kulia, likatoka nje likagonga mguu wa kiti cha Kariuki. Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Ukainua mkono juu, ukasema kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Haiya! Ni mimi. Nimeishika vibaya."

Tulipotoka ulininunulia mahindi ya kuchoma, wewe uliyeshindwa ukamnunulia aliyekushindisha. Nilianza kusema, ukanikata. "Nilisikia kitambaa." Hilo tu. Ukatafuna kidogo, kisha ukaongeza, "Na hukuita. Asante." Msimu ule ulikuwa wako wa mwisho. Kabla mvua ndefu haijaisha tukakupeleka kukuzika.

Sasa sikiliza nilichoishi nacho tangu hapo. Kariuki, unamjua mdomo wake, alianza kama mzaha. Mtu akishika tufe kinyume likamtoroka, Kariuki anapaza sauti, "Mama Njoki!" Watu wanacheka. Ikaingia Thika, ikaingia Ruiru. Wiki chache tu ikawa ndilo jina lenyewe la kosa. "Amepiga Mama Njoki." "Chunga usipige Mama Njoki." Wachezaji wapya ambao hawakuwahi kukuona wanalitumia jina lako vile mtu anavyosema puncture ya tairi. Mama, siku za kwanza na mimi nilicheka. Nisamehe. Ilikuwa rahisi kucheka kuliko kueleza.

Mwezi uliopita, tukiwa mazoezini, Njoki alikuja ukumbi wa Ruiru kwa mara ya kwanza. Alikuwa amebeba matufe yako kwenye kiondo, anataka kuyatoa yatumiwe na wanaoanza, yasilale chini ya kitanda. Nikamkaribisha, nikamtafutia kiti. Kabla hajafungua kiondo, jamaa mmoja wa jezi mpya akakosea, na ukumbi wote ukaimba pamoja, "Mama Njoki!"

Njoki akageuka. Alidhani kuna mtu anamwonyesha aliko mama yake, labda picha ukutani. Akaangalia huku na huku, akitabasamu vile mgeni anavyotabasamu. Kisha akaelewa. Tabasamu likabaki usoni lakini mwenyewe hakuwa nyuma yake tena. Akanywa chai yake, akaaga, akarudi Makongeni na kiondo chake.

Sikulala vizuri wiki hiyo. Ili kusafisha jina lako nilipaswa kusema ni mimi niliyeweka lile tufe vibaya. Na nikisema hivyo, swali linalofuata hata kuku angeliuliza: kwani kwa nini wewe ndiye uliyekuwa unampangia? Nisiposema, umebaki jina la kosa. Nikisema, nimeitoa siri uliyonishikia shati kwa ajili yake.

Nikaenda kwa Njoki, nikidhani ninambebea habari mpya. Alinisikiliza akikunja nguo za watoto. Kisha akasema, "Wafula, huyo mama alikuwa anamimina chai kwa kusikiliza kikombe. Ulifikiria hatujui?" Nyumba nzima ilijua, na nyumba nzima ilinyamaza kwa sababu ulitaka hivyo. Nikamwomba aniambie niseme ama ninyamaze. Akakataa. "Mimi hakuniambia kitu. Ni wewe alikuambia. Hiyo ni yako." Ana ukali wako, yule. Nilitoka pale nikiwa sina pa kujificha.

Jumamosi ilikuwa ufunguzi wa msimu, ukumbi wa Ruiru umejaa. Nikaomba nafasi kabla ya mkeka kuanza. Nilisema ovyo, nilianzia katikati nikarudi nyuma. Lakini nilisema. Lile tufe nililiweka mimi. Niliona na sikuita. Na nilikuwa nampangia kwa sababu Mama Njoki alikuwa haoni, si siku ile tu, ni misimu miwili.

Nikangoja ile pole uliyoiogopa, nikijiambia ikija nitawatoa nje mmoja mmoja.

Kariuki ndiye alisimama. "Ngoja. Ngoja kwanza. Unasema huyu mama ametupiga miaka miwili, mimi na hawa wote, na haoni?"

Nikasema ndiyo.

"Na viatu vyako vyeupe ndio zilikuwa taa?"

Nikasema ndiyo.

Akavua sweta, akajifunga machoni, akaomba apewe tufe mkononi. Mtu akampa. La kwanza likagonga gogo. La pili likagonga gogo. La tatu likatoka nje hata kabla ya kulifikia gogo. Hakuna aliyecheka, Mama. Akafungua sweta, akakaa chini polepole, akatikisa kichwa. "Ngai," akasema. "Na vile nilikuwa najigamba na ile kombe." Baada ya hapo watu wazima waliingia kwenye foleni kujifunga macho, hata mweka hazina na miwani yake, na mpaka saa za chai hakuna ambaye tufe lake lilikuwa limelipita gogo.

Pole haikuja. Nilitaka ujue hilo kabla ya yote. Sijui kama inatosha kunisamehe kwa kuvunja neno langu. Huenda ungesema heshima zenu kaeni nazo, mimi siri yangu nilitaka ibaki. Nakuelewa. Bado ningesema tena.

Mechi zikaanza. Mchana hivi mama mmoja wa Thika akashika tufe kinyume. Likamkimbia, likatoka nje, na ukumbi mzima ukavuta pumzi, midomo wazi, jina limefika mlangoni. Likakwama. Watu wakaangaliana. Njoki alikuwa amekaa karibu na dirisha, nilikuwa nimemsihi aje, na wote walikuwa wanaogopa kumtazama.

Kisha Kariuki, nani mwingine, akapaza sauti kutoka nyuma.

"Wafula!"

Njoki alikuwa wa kwanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na ukumbi ukamfuata. Nami nikainua mkono juu, nikasema, "Ni mimi."

Nakuaga sasa, Mama Njoki. Ahadi ya kwanza niliivunja, kwa hivyo hii naiandika kwa wino. Kuanzia Makongeni mpaka huko ambako mkeka utafika, wataliita jina langu hata nikiwa sipo tena. Nikiwepo, nitaitika kila mara.

Wafula