Kicheko Sebuleni kwa Bi Zeyana

Bibi yangu,

Ulipokuwa hai, kila nikikuamkia uliniitikia kwa sauti ya mtu mwingine. Mara ilikuwa sauti ya mama, mara ya muuza samaki wa sokoni Deira, hapa Dubai, mara ya yule jirani yetu Mmisri aliyekuwa akigombana na lifti kila asubuhi kama vile lifti ni mkewe. Leo nakuamkia nikijua hakuna sauti itakayorudi. Nimekaa muda mrefu nataka kukuandikia, na kila nikianza naingiwa na haya, naacha. Sasa naandika wazi, asome atakaye, kwa sababu jambo lenyewe nililifanya mbele za watu.

Wenzangu wa shule walikuwa na mabibi waliojua kusuka ukili na kukaanga visheti. Mimi nilikuwa na bibi aliyewahi kupanda jukwaani. Ulikuwa ukichambua mchele kwenye roshani ya jikoni, chini yetu magari yakipiga honi, na mimi daftari langu limelala wazi bila ya kuandikwa kitu, maana nilikuwa nakusikiliza wewe. Uliniambia habari za Unguja ya ujana wako: chama chenu cha wanawake, michezo ya kuigiza mliyoiita natiki, mbao zilizopangwa juu ya makasha zikawa jukwaa, taa za karabai zikinguruma. Wanaume walikuwa hawaingii, kwa hivyo wanaume mliwacheza wenyewe. Ulivaa kanzu na koti la babako, ukajichora masharubu kwa masizi ya sufuria. Wanawake wazima wakakurushia asumini na kukuuliza unaoa lini. Babako alikukataza, na mamako akawa anakutoa kwa siri kwa mlango wa uani.

"Nilikuwa nikitembea hivi," ulikuwa ukisema, unaliacha sinia la mchele, na pale pale kwenye roshani nilimwona bwana mmoja mwenye majivuno, ana bakora ambayo haikuwepo.

"Mchezo gani waliupenda zaidi, bibi?"

"Mingi," ulikuwa ukijibu, kisha unarudi kwenye mchele. Kila mara ulijibu hivyo hivyo. Sikujiuliza kwa nini.

Ukaja mwaka ule Deira yote ilipochimbwa kwa ajili ya treni ya metro, mimi nimeshaanza kazi hotelini. Mama alirudi kutoka hitima, akavua buibui, akasema kuna bi mkubwa kutoka Unguja amehamia kutoka Maskati, yuko kwa mpwawe nyuma ya mtaa wa Al Rigga. Anaitwa Bi Zeyana.

Ulikitua kikombe. "Zeyana yupi?"

"Yule mwenye kigugumizi. Anasema mlikuwa mtaa mmoja."

Ulipomaliza kusali magharibi uliniita chumbani kwako, ukaniambia nifunge mlango, na hapo ndipo nikaujua mchezo walioupenda zaidi.

Ulikuwa msichana, jina lako halijatoka bado. Mkubwa wenu wa chama alitaka mchezo wa kuchekesha kwa ajili ya Idi, nawe ukajitolea kucheza biarusi mwenye kigugumizi. Walii anakuja mlangoni kumuuliza kama ameridhia, na biarusi, kwa hamu yake yote ya kuolewa, hawezi kulitoa neno. Anahangaika, anatoa macho, anashika ukingo wa mlango, anajaribu kuliimba. Walii anachoka, anaondoka kwenda kuozesha kwengine. Ukumbi mzima ulijua unamcheza nani. Zeyana, binti wa nyumba ya nyuma ya ukumbi, alikuwa ameposwa na posa imekubaliwa. Shangazi zake bwana walikuwa wamekaa mbele kabisa. Walicheka mpaka mmoja akatolewa nje kupepewa. Baada ya siku chache posa ikarudishwa.

"Kisha nikaacha?" ulijiuliza mwenyewe, na ukajijibu, "Sikuacha. Walikuwa wakinipigia kelele, 'Moza, mtoe biarusi! Mtoe biarusi!' Nami nikamtoa. Miaka na miaka, mpaka Pemba, mpaka Dar es Salaam. Ndiye aliyenipa jina, mjukuu wangu. Na yeye hakuolewa tena."

Asubuhi ulimwambia mama unataka kwenda kumwona. Mama alikasirika. "Khalas, mama, yaishe. Watu wameshazeeka. Unakwenda kumchimbulia nini?" Ukamwambia huendi kuomba ruhusa, unakwenda kuomba radhi. Basi baada ya alasiri tukatoka wawili sisi. Teksi haikuweza kuingia kwa sababu ya machimbo, tukatembea kando ya mabati ya uzio, wewe umenishika mkono na bakora mkono wa pili, umevaa buibui lako jipya na umejitia udi kama mtu anayekwenda arusini.

Bi Zeyana alikuwa mdogo wa umbo, mweupe wa nywele, amekaa kwenye kochi na miguu haigusi zulia. Mke wa mpwawe alituletea chai na kaimati, akakaa karibu yake. Mlisalimiana. Mlitajiana waliokufa. Yeye alisema kwa maneno machache, na nikaona jinsi anavyoyachagua, anayaruka yale yatakayomkwamisha.

Halafu ukasema, "Zeyana, nimekuja kwa ajili ya ule mchezo. Nilikukosea. Naomba unisamehe."

Mke wa mpwawe alitutazama, hajui mchezo gani.

"Mimi si-si-sikuuona," alisema Bi Zeyana. "Nilikuwa ndani. Nilisikia kicheko tu. Kila ulipocheza, nilisikia kicheko." Akakiweka kikombe chake chini. "Nionyeshe."

"Nikuonyeshe nini?"

"Ulivyonifanya."

Ulisema, "Astaghfirullah, Zeyana, siwezi." Ulimsihi. Mimi nilikushika mkono nikasema bibi amechoka, twende. Yeye hakunitazama. Alisema tena, taratibu, neno moja moja, "Watu wote wamekuona. Ni mimi tu."

Basi ukasimama. Uliiacha bakora yako kwenye kiti, ukajifunika ushungi mpaka kwenye nyusi, ukasogea hadi kwenye mlango wa sebule, ukashika ukingo. Uzee ukakutoka, wallahi. Alisimama pale msichana mbichi mwenye aibu na hamu, na midomo yake ikaanza kulitafuta lile neno. Ukalikaribia, likakukimbia. Ukalivizia kwa upande mwengine. Ukalipulizia kama mtu anayewasha mkaa. Ukamtupia jicho moja walii asiyekuwepo, kumwomba avute subira kidogo tu.

Nikacheka.

Sikutabasamu, bibi. Nilicheka kwa sauti, kicheko kilichonitoka tumboni kabla sijakijua, nikajiziba mdomo kwa mikono miwili na bado kikatoka puani. Mke wa mpwawe alikuwa ameinamisha uso. Hakuna mwengine aliyecheka. Wewe ulisimama hapo hapo mlangoni, ukateremsha ushungi, na uzee ukakurudia wote kwa pamoja.

Bi Zeyana alikuwa ananitazama mimi. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyeonyeshwa kitu alichokuwa anakisikia ukutani tangu ujana wake.

"Huyu hata hanijui," akakwambia.

Uliomba tena radhi. Akasema, "Kunyweni chai, itapoa." Tukanywa. Alitusindikiza mpaka kwenye lifti, akakushika bega, na hakusema amekusamehe wala hakusema hajakusamehe.

Tuliporudi, kando ya mabati yale, mafundi wakitoka zamu na kofia zao za manjano, ulisimama kupumua. Nilidhani utanigombeza. Nilikuwa nimeshajitayarisha. Badala yake uliniuliza, bila ya kunitazama, "Nilifanya vizuri?"

Nikasema, "Vizuri sana, bibi."

Ukaitikia kwa kichwa. Kisha ukaanza kulia pale njiani, nami nikakushikilia, na sikujua nimekuongezea jeraha au nimekupa kitu ulichokuwa unakihitaji. Mpaka leo sijui. Najua tu kwamba nilisema kweli, na kweli yenyewe inanitia haya.

Hatukulizungumza tena. Roshani ukaiacha, sauti za watu ukaziacha. Mama akafurahi, akasema bibi sasa ametulia. Mimi nilijua kilichokutuliza. Ningeweza kuja chumbani kwako nikakwambia, "Nisamehe kwa kile kicheko," na sikuja. Nilikuwa natoka kazini hotelini nimechoka, nikijiambia kesho, nikikubusu mkono na kupita. Ukafariki mwaka uliofuata, ukazikwa makaburi ya Al Quoz. Bi Zeyana alikuja matangani. Alikaa kwenye pembe na juzuu yake. Nilipomfikia na sinia la kahawa nilimwekea kikombe nikiwa nimeinamisha macho, nikakimbilia jikoni. Mtu mzima, nimejificha nyuma ya mlango wa friji.

Juzi nimekwenda kwake, peke yangu. Nilikaa pale pale nilipokaa siku ile. Nikamwambia, "Bi Zeyana, mimi ndiye niliyecheka."

"Nakujua," alisema.

Nikamwambia nimekuja kuomba radhi, kwa kicheko changu na, kama inawezekana, kwa vile vyengine alivyovisikia kutoka ndani. Alitaka kusema kitu, neno likamkwama. Mkono wangu ulitaka kumpungia aharakishe, ulimi wangu ulitaka kummalizia, kama tunavyofanya sote tukidhani tunasaidia. Niliuma ulimi. Nikangoja. Kiyoyozi kilivuma, na yeye hakuharakisha.

"Ha-ha-hata mimi," alisema mwisho, "siku ile nilitaka kucheka. Moza alikuwa fundi." Akayafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Ndiyo maana niliumia. Niliona kwa nini walicheka."

Nilimuuliza kama nije tena. Akasema Ijumaa yuko nyumbani. Nitakwenda. Anataka nimweleze ulivyoishi hapa, ulichokuwa ukila, kama ulipata kucheza tena mbele ya watu. Nitamwambia ulikuwa ukicheza mbele yangu peke yangu, kwenye roshani. Kukusamehe bado hajakusamehe, na mimi sitamuuliza. Nitakaa nimsikilize mpaka amalize.

Mola akulaze pema. Mimi bado nimeinamisha uso,

Mjukuu wako uliyemlea Deira