Bahasha ya Mwalimu Mkuu

Kawangware 46
9 Januari 1998

Mpwa wangu Sella,

Natumai wewe na mtoto wako Eddah mko wazima huko Gatwekera, na cherehani haijakuchosha. Sisi huku hatujambo, ila presha ya Mama Lavender inapanda na kushuka.

Nakuandikia kwa jambo zito. Mwenye shule yetu ameuza ploti kabla ya Krismasi bila kutuambia. Mimi, baada ya miaka yote ya kuwa mwalimu mkuu, kule nyumbani na hapa Nairobi, nashinda kitandani nikisikiliza redio. Nasikia shule ya kanisa lenu inatafuta mwalimu mkuu, na kwamba wewe ndiye katibu wa kamati ya wazazi. Nilishangaa kidogo, lakini nimefurahi. Niandikie barua ya kunipendekeza. Mimi ni ndugu ya mama yako, sidhani utakataa.

Andika kwa Kiswahili chepesi, usijisumbue na Kiingereza. Ikikushinda, tafuta mtu mwenye akili zake akusaidie. Wangoi wa mboga ndiye anakuletea hii, naye atarudi na jibu.

Mimi mjomba wako,
Walubengo


Gatwekera
12 Januari 1998

Mjomba,

Salamu nyingi sana. Sisi tuko poa. Eddah ameingia darasa la kwanza wiki jana na kila mtu anayepita mlangoni lazima aonyeshwe daftari. Mpe Mama Lavender pole, mwambie apunguze chumvi.

Barua yako imenifurahisha kuliko unavyoweza kujua. Nimekuwekea bahasha hapa. Tafadhali usiifungue. Kamati yetu ina desturi yake: mwombaji huleta bahasha iliyofungwa, huifungua mwenyewe mbele ya wazazi na kusoma kwa sauti, kwanza Kizungu, kisha Kiswahili. Tulianza hivyo baada ya mwalimu mmoja kutuletea karatasi tusiyoielewa, tukampigia makofi, kumbe ilikuwa barua ya kumfukuza.

Ndani kuna karatasi moja tu. Inaonyesha kazi yako vizuri kuliko maneno yangu. Njoo Jumamosi saa nne, na uvae ile suti ya kijivu.

Mpwa wako,
Sella


Kawangware 46
19 Januari 1998

Sella,

Sikusalimu.

Nilisimama mbele ya akina mama sitini nikafungua bahasha, na nikakuta cheti chako cha kumaliza shule, cha mwaka wa themanini na saba, na mwandiko wangu mwenyewe chini yake: "Obedient, but not intelligent. Suitable for housework." Ningefanya nini? Kiingereza nilikisoma. Kwa Kiswahili nikasema mtoto huyu alikuwa mtiifu na mwenye bidii. Hapo ndipo ukainuka na daftari lako la katibu, ukawaambia polepole: "Mwalimu amesahau. Hapo imeandikwa, mtiifu, lakini hana akili. Anafaa kazi za nyumbani."

Mama mmoja akauliza, "Si huyo ni wewe, Sella? Sasa hiyo bajeti yetu imeandikwa na nani?" Walicheka mpaka mchungaji akatoka nje. Hata alikuwa anacheka yeye pia, nilimwona mabega.

Haya yote kwa neno moja la Kiingereza, intelligent! Siku ile niliandika vyeti arobaini kabla ya chakula cha mchana. Hilo ni neno la kawaida, watu hulitumia ovyo kila siku. Hata sikulifikiria.

Walubengo


Gatwekera
22 Januari 1998

Mjomba,

Habari za huko? Mimi nakusalimu, na natumai presha haijahamia kwako.

Vyeti vilikuwa arobaini, lakini nafasi ya sekondari ilikuwa moja. Mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Binti yako Lavender alikuwa wa tisa, na ndiye aliyekwenda. Ukaniambia shule imenikataa, ukanipa bahasha nimpelekee Madam Wamucii wa Nyayo Highrise, huku Nairobi, anipe kazi ya ndani, ukasema mtoto hafungui bahasha ya mwalimu mkuu. Sikuifungua. Hapo kwa utiifu hukunisingizia.

Unasema neno hilo hutumika ovyo. Ni kweli, nililisikia miaka mitatu kwa Madam. Kambwa kake kalileta slipasi, akasema kako intelligent. Mtoto wake akawasha tivii, intelligent. Mwizi akatoa kioo cha dirisha bila kukivunja, akabeba redio, na hata huyo, Madam akasimama pale na hasira zake akasema ni mwizi intelligent. Mimi nilimshonea nguo ya kwendea harusi kwa kuangalia picha ya gazeti tu. Akasema nimejaribu.

Nilipoacha kazi niolewe, alitoa ile bahasha kwenye droo akanirudishia. Niliisoma nikiwa nimekaa kwenye mawe nje ya geti. Kama neno lilikuwa jepesi hivyo, mjomba, kama hata mbwa alipewa bure, mbona mimi ulininyima? Sikulia. Nilikasirika, na hasira hiyo nimeilea miaka saba.

Sasa ya kamati. Kiti cha mwalimu mkuu kimepata mtu. Lakini darasa la kwanza halina mwalimu, na wazazi wamesema unajua kufundisha, hilo hata mimi sikatai. Ukitaka, anza Jumatatu. Kila mwalimu huandikiwa maoni ya mstari mmoja mwisho wa muhula. Anayeandika ni katibu.

Eddah yuko kwenye darasa hilo. Akikosea hesabu, mwambie amekosea hesabu. Usimwambie yeye ni mtu wa aina gani.

Mpwa wako,
Sella


Kawangware 46
13 Machi 1998

Mpwa wangu Sella,

Salamu kwako na kwa nyumba yako. Ninakuona kila siku pale getini lakini hunipi nafasi ya kuongea, ndiyo maana naandika.

Leo Eddah alikosea hesabu tatu kati ya kumi. Nimemwambia amekosea tatu. Tumezirudia pamoja, akapata mbili, ya mwisho akakasirika akavunja penseli. Nimemchongea nyingine. Sikumwambia yeye ni mtu wa aina gani.

Silali vizuri. Nikisahihisha madaftari nafikiria ule mstari wako. Kazi hii ndiyo pekee niliyo nayo, na watu wote wa Gatwekera watausikia. Nakuomba, kama mzee wako, usiandike lile neno nililokuandikia kwenye cheti. Au basi niambie tu umeandika nini, nijiandae.

Mjomba wako,
Walubengo


Gatwekera
16 Machi 1998

Mjomba,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na asante kwa penseli.

Nimeshaandika. Sikuandika arobaini, nimeandika moja, na imenichukua wiki nzima. Iko ndani ya bahasha na nimeifunga.

Siku ya kufunga shule utaifungua mwenyewe, mbele ya wazazi, na kuisoma kwa sauti. Vaa ile suti.

Mpwa wako,
Sella