Mama Alikataa Kuezua Nyumba

Kaka yangu Byamungu,

Nakusalimu kwanza, halafu nitakugombeza. Unanijua. Salamu zangu hazijawahi kwenda peke yake.

Kambi haipo tena. Naanza na hilo kwa sababu sijui kama habari imekufikia huko Walikale, kama bado uko Walikale. Ukishuka leo kutoka barabara ya Nyabiondo na kuvuka daraja la miti, utakuta majani na ng'ombe wa mwenye shamba mpya. Zile nyumba za matofali zilizoshikana mkono kwa mkono, robine ya maji tuliyoipangia foleni kila asubuhi, izini yenyewe ya kukobolea kahawa, vyote vimesawazishwa. Ulikuwa ukijisifu kwamba unaweza kufika nyumbani ukiwa umefumba macho. Sasa hata ukiyafumbua utapita.

Najua watu wengine hawawezi kuelewa mtu anayelilia kambi ya wafanyakazi. Hata shuleni walitucheka. Walisema watoto wa kambi wananuka maganda ya kahawa, na kweli tulinuka. Maganda yaliozea nyuma ya izini, maji yake yakapita karibu na mlango wetu, na baba alirudi jioni akiwa na harufu hiyo kwenye nywele. Wewe ulipigana na mtoto wa mwalimu kwa ajili ya hiyo harufu. Mama alikuchapa, kisha akakupa kipande kikubwa cha nyama, na mimi nikakasirika kwa sababu sikupigana na mtu nikapata mfupa.

Unakumbuka mvua? Kahawa ikiwa imeanikwa kwenye meza za waya na wingu likatokea upande wa msitu, kapita, msimamizi wa kazi, aligonga chuma na kambi nzima ikakimbia kufunika. Walikimbia hata waliokuwa hawasalimiani. Papa mmoja, mtu mzima kabisa, alitoka na povu la sabuni kichwani. Wewe ulinibeba mgongoni, ukaniketisha kwenye pembe ya shitingi, lile turubai la kufunikia, ili upepo usiliinue, ukasema mimi ni jiwe zuri kwa sababu ninajua kukaa. Nilijivunia sana kazi hiyo. Nimekaa mpaka leo, kaka, na sijivunii tena.

Na ukuta wetu na Mama Neema, mwembamba kama karatasi. Mama akikosa chumvi aligonga kwa mwiko, na chumvi ikaja. Mama Neema aliomba kwa sauti, akitaja majina ya wagonjwa wote wa kambi, kwa hiyo sisi tulijua nani anaumwa kabla ya ndugu zake. Yeye Kihunde chake kilikuwa cha kuokoteza, mama Kinyarwanda chake vilevile, lakini sijawahi kuwasikia wakishindwa kusengenya mtu. Siku hizi anaishi Kalembe kwa mkwe wake. Mara ya mwisho tulipoonana aliniambia kwamba hapati usingizi kwa sababu nyumba ya mkwe ina ukuta mnene.

Izini iliponyamaza, watu walibaki. Wangekwenda wapi? Walilima maharagi na mihogo pale kahawa ilipokuwa, wakaziita zile nyumba zao, na hakuna aliyekuja kuwakatalia. Baba alifia humo. Siku ya kumaliza matanga wazee waliuliza kama nyumba ina mwenyewe, kwa sababu kwetu nyumba isiyo na mrithi inaezuliwa, inaachwa mvua imalize kazi. Wewe ulisimama mlangoni, ukaweka mkono juu ya mwimo, ukasema, "Mwenyewe niko." Wazee wakanywa kasiksi yao, ile pombe ya ndizi, paa likabaki. Tangu siku hiyo mama hakuwahi tena kuiita nyumba ya baba. Aliiita yako, hata ulipokuwa umelala ndani yake mpaka saa nne na mimi nikichota maji.

Halafu ukaenda Walikale kuchimba madini. Ulisema utarudi wakati wa Noeli. Mama alikufungia mihogo ya kuchoma kwenye jani la ndizi, akakusindikiza mpaka njia ya Kalembe, akarudi akitembea polepole. Motari mmoja alisimamisha pikipiki yake akatuletea neno kwamba uko mzima. Baada yake, kimya. Wengine wanasema umeoa huko na una watoto. Wengine wanasema mambo ambayo ninawakatiza kabla hayajamfikia mama.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Mwenye shamba mpya alisema kambi inabomolewa, na kapita akapita mlango kwa mlango akitangaza kwamba kila mtu ajiondolee mabati yake kabla mashine haijafika. Anayetaka kuyaokoa ayashushe mwenyewe. Basi watu wakapanda juu. Ungewaona, kaka. Watu waliokaa pale maisha yao yote wakang'oa misumari kwa mikono yao, wakashusha mabati, wakayafunga kwa kamba, na jioni kambi yote ilikuwa imekaa wazi. Walikuwa na akili. Bati ni bati, ukiwa nalo unaanza upya popote.

Mimi nilileta ngazi, nikaanza kupanda. Mama akasimama chini yake akaishika, nikadhani ananishikia nisianguke.

"Teremuka," akasema. "Nyumba inatoshwaka kichwa kama mwenyewe alikufa. Mwenyewe wa hii nyumba iko mu njia."

Nikamweleza kwamba hii ni habari ya mabati tu, haimhusu mtu. Nikamwambia mvua za mwezi ujao hazijui desturi. Nilisema mengi na mengine sikupaswa kuyasema kwa mzazi. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mimi sitazika mutoto mwenye hajakufa," akasema. Kisha akaichukua ngazi akairudisha kwa mwenyewe.

Asubuhi katapila lilikuta nyumba moja tu yenye paa. Dereva alishuka, akamwuliza mama kwa heshima kama anataka kungojewa. Mama akamwambia afanye kazi yake. Mabati ya baba yalikunjika na kulia kwa sauti mbaya, kisha yakazikwa pamoja na matofali. Sikulia siku hiyo, nilikuwa na hasira nyingi mno. Hasira kwa mama, na kwako zaidi. Majirani wote waliondoka na paa lao begani, sisi tuliondoka na sufuria na Biblia. Tunaishi kwa mjomba, kilimani juu ya shule, katika chumba kimoja tulichofunika kwa shitingi. Upepo ukija tunaishika pembe zote, mimi na yeye.

Ningetaka barua iishie hapo, lakini haiishii. Kila siku ya soko mama anashuka mpaka kambini, anakaa pale mlango wetu ulipokuwa. Anajua mahali hasa, mimi siwezi kupaona. Anapanga maparachichi machache juu ya kitambaa ili watu wasimwone kama kichaa. Hakuna anayepita pale ila mchungaji wa ng'ombe, na mchungaji ana maparachichi ya kwao. Anasema ukirudi utaelekea nyumbani kwanza, na usipokuta mtu utadhani tumekwisha, utageuka.

Nimeolewa, kaka, na mume wangu amepata kazi ya ujenzi Walikale na ameniita. Nikamwambia mama twende wote, huko tutakutafuta soko kwa soko. Akanijibu kwamba mtoto ndiye anayerudi kwa mama, mama hafuati mtoto. Mimi niende, yeye anabaki. Kikohozi chake hakipendezi, kaka. Ninaogopa kumwacha, na ninaogopa kwamba nikibaki ndoa yangu itageuka majani kama kambi. Ndiyo maana ninaandika barua hii iwe wazi, isomwe kanisani, isomwe redioni, aibebe kila motari anayeingia msituni. Ni wewe peke yako unayeweza kumtoa pale.

Kama ni aibu inayokuzuia, kwa sababu hukupata kitu, njoo mikono mitupu. Kama una mke na watoto, njoo nao, tutabanana. Kama huwezi kuja, tuma sauti yako kwa simu ya mtu yeyote, useme tu uko wapi na kwamba umejua kambi imebomolewa. Akijua kwamba umejua, atakubali kuondoka.

Soko lililopita mvua ilimkuta kule. Nilishuka nikikimbia na mwavuli. Alikuwa amenipa mgongo, amejifunika kitenge, na aliposikia miguu yangu kwenye matope akanyooka.

"Byamungu?" akaita.

"Ni mimi, mama."

"Aa. Kumbe njo weye." Akasogeza maparachichi nipate pa kukaa.

Nikakaa. Tulinyeshewa wote wawili, maana mwavuli ni mdogo, mpaka mvua ilipokatika. Njoo, kaka. Nimechoka kuwa yule ambaye hakusubiriwa.

Mungu akulinde huko msituni.

Mimi mdogo wako, uliyeniacha na mama.